Tusingoje Msiba Ndipo Tuchange

Watu wa Ipyana wajua kuzika. Hatusemi hivyo kwa kejeli. Twasema kwa kuwa ni kweli, na ni sifa. Kilio kikisikika alfajiri, jua halijafika utosini turubai limekwisha simama. Akina mama wanafika na mchele na mikungu ya ndizi, vijana wamekwisha gawana majembe ya kuchimbia kaburi, na huko Mbeya, Tunduma na Dar es Salaam wana wa ukoo wanachangishana nauli ya basi la kukodi. Asiyefika ataulizwa, na jibu lake litapimwa. Bibi Monica Wilson, mwanachuoni aliyekaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliyachunguza mazishi yetu na kuyaeleza kwa kirefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1957.

Basi twauliza swali moja. Huyo tunayemlilia alilala kitandani miezi mingapi kabla ya siku hiyo? Na katika miezi hiyo, nani aliyemgeuza usiku, nani aliyefua shuka, nani aliyemlisha uji kijiko kwa kijiko, nani aliyembeba kumpeleka chooni? Ukichunguza utakuta ni mtu mmoja. Mara nyingi ni mwanamke: mke, au mkamwana, au binti aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, na ndugu zake wakasema, "Maadamu yupo, atamwangalia mama." Basi la kukodi halikumjia huyo. Turubai halikusimamishwa kwa ajili yake. Siku ya mazishi ndiye aliyekonda kuliko wote, na ndiye aliyepewa kazi ya kuosha vyombo.

Sisi twaona hapo pana kasoro kubwa, na hapana budi isemwe wazi.

Tazameni hasara yake. Katika bonde letu mpunga haungoji mtu. Mvua zikianza, shamba lataka jembe, kisha mbegu, kisha palizi, na aliyechelewa wiki tatu atavuna magugu. Mwenye kuuguza anakwenda shambani na moyo wake uko nyumbani. Au anakaa nyumbani, na mwezi wa sita hana gunia hata moja. Kakao imeiva mtini, hakuna wa kuichuma wala wa kuivundika. Akipata chache atauza mbichi kwa bei ya mwenye haraka. Mwezi wa Aprili mito ya Mbaka na Kiwira ikifura na njia zikijaa maji, mgonjwa wa kupooza hapandi baiskeli mpaka hospitali Kyela. Atashikwa na watu wawili, na huyo wa pili hayuko. Hivyo ugonjwa wa mtu mmoja unakuwa umaskini wa nyumba nzima. TANU iliwataja maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi. Nyumba inayouguza huwa nao wote watatu chini ya paa moja.

Ujinga nao umo, kwa kuwa asipokuwapo mtu mzima wa kuuguza, huitwa mtoto. Sisi tuliopita katika vyuo vya ualimu twalifahamu daftari la mahudhurio kuliko mkaguzi. Msichana wa darasa la sita anakosa Jumatatu, kisha Jumatatu na Jumanne, kisha wiki nzima. Ukimtuma mwenzake akaulize, jibu ni kwamba bibi yake hawezi, na mama amekwenda kulima. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016, na hiyo ni kazi kubwa ya taifa. Lakini mtoto huyu hakuzuiwa na ada. Amezuiwa na beseni, ndoo na mgonjwa asiyeweza kuachwa peke yake.

Hesabu hii ya kutanguliza kaburi haiko kijijini tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilipotungwa mwaka 2004, ilimpa mfanyakazi siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifa. Kwa mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu na ndugu, siku hizo 4 zilitajwa kwa kifo peke yake. Maana yake karani wa Mbeya aweza kulipwa siku za kuja kumzika mama yake Ipyana, lakini kwa kifungu hicho halipwi hata siku moja ya kuja kumwuguza apate kupona. Twawaomba wabunge wetu wakisome tena.

Wapo watakaosema ati zamani hapakuwa na taabu hii. Kweli zamani vijana wa rika moja walijenga kijiji chao pamoja, na jirani wa mtu alikuwa mwenzake tangu utotoni. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, aliusifu utaratibu wa kale ambamo mtu aliutegemea utajiri wa jamii yake yote. Lakini vijiji vile vya rika havipo tena, vijana wako mijini, na maradhi yenyewe yamegeuka. Homa iliua au iliondoka kwa wiki mbili. Kiharusi, kisukari na saratani hukaa na mtu miaka.

Wala hatuanzi mwanzo. Katika miaka ya 1990, UKIMWI ulipoupiga mkoa wa Mbeya, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure na Serikali mwaka 2004, walitokea watu wa kujitolea waliokwenda nyumba kwa nyumba kuosha wagonjwa na kuwafundisha bibi zetu namna ya kuwatunza. Majirani walikuwa wakiogopa hata kuketi kwenye mkeka wa nyumba hizo, hao waliketi. Kazi ile ilionyesha kwamba mtu wa kawaida, akielezwa vizuri, aweza kufanya mengi.

Mwezi wa Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa shabaha ya kufikia wahudumu 137,294 nchi nzima. Twaupongeza. Lakini mhudumu huja akaondoka. Usiku unabaki kuwa wa yule yule. Huko Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mzee wa miaka 70 na zaidi hupewa pensheni. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Si nyingi, ila hununua sabuni na mafuta ya taa bila kumwomba mtu. Jambo hilo lafaa kuigwa Bara.

Tukitazama mbali zaidi, wakulima na wavuvi wa Kerala, katika India, hawakungoja utajiri. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wa vijiji vyao walijiunga, wakachanga fedha kidogo kidogo, wakafundishwa, wakawa wanazuru wagonjwa wa majirani pamoja na wauguzi. Serikali ya jimbo lao ikapitisha sera juu ya jambo hilo mwaka 2008. Wananchi walitangulia, sera ikafuata.

Sasa, nani asiyekuwa katika chama cha kufa na kuzikana? Vyama hivyo tunavyo, vina makatibu, vina madaftari, na watu hulipa kwa kuwa waogopa aibu ya kuzikwa vibaya. Rai yetu ni kwamba kila chama cha namna hiyo kibadili katiba yake na kuongeza neno moja: kuuguzana, kufa na kuzikana. Sehemu ya fedha itoke mtu angali hai, inunue sabuni, glovu, mpira wa kutandika kitandani na nauli ya hospitali. Shamba la mwenye kuuguza lilimwe kwa zamu kama tulimavyo la mfiwa. Asubuhi moja kwa wiki aje mtu akae na mgonjwa, ili anayeuguza alale, au aende sokoni, au akae kanisani bila kutazama saa.

Tumesikia pingamizi. Wengine wasema si adabu jirani kumwona mama wa mtu katika hali ile. Wengine waogopa maneno, kwamba mgonjwa akizidi watasema fulani alikuja na kitu mkononi. Maneno hayo yapo na yameharibu nyumba nyingi. Lakini kuteka maji hakumwoni mtu uchi, na kupalilia ekari moja ya mpunga hakuna aliyewahi kukuita uchawi. Anayeogopa chumba aanzie shambani. Na wanaume wasijifiche nyuma ya adabu: kumgeuza mgonjwa mzito ni kazi ya misuli, nao wanayo.

Yako pia mambo ya kujifunza, na zahanati zetu zaweza kuyafundisha kwa alasiri moja. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, la sivyo ngozi ya mgongo na nyonga itaoza. Aliyepooza asilishwe amelala chali. Aketishwe, apewe kidogo kidogo, asije akapaliwa. Anayenyanyua mgonjwa akunje magoti, asiinamishe kiuno. Mabinti wengi wameumia migongo kwa kukosa kuambiwa neno hilo moja.

Nyumba kumi kumi zilianzishwa na TANU katika miaka ya 1960, na mabalozi wa mashina wangalipo. Twawataka kila mmoja aandike nyumba zenye mgonjwa wa muda mrefu katika shina lake, na jina la anayeuguza liandikwe kwanza, kabla ya la mgonjwa. Nyumba ya mpinzani iandikwe pia. Kitandani hakuna kadi. Makatibu wa matawi wakusanye orodha hizo kabla mbegu haijaingia shambani, wakae na makatibu wa vyama vya kuzikana na mganga wa zahanati, wapange zamu za palizi.