Mfuko wa Saruji na Vipimo Vyake

Unaponunua saruji ya kujengea nyumba ya wanao, macho hayatakuambia uimara wake. Kiwanda cha CIMERWA huko Bugarama, wilayani Rusizi, kilianzishwa mwaka 1984. Na kama ilivyo kwa saruji popote, haiwezekani kuijaribu yote, kwani iliyojaribiwa haijengi tena. Huchukuliwa sampuli, ikachanganywa na mchanga na maji, ikatiwa katika kalibu, vipande vikakaa majini hadi siku 28, kisha vikabanwa kwa mashine mpaka vipasuke.

Saruji ya daraja la 42.5 yapasa kustahimili nyutoni 42.5 kwa kila milimita ya mraba. Walakini kuhesabu vilivyofaulu hakutoshi. Tuseme (maabara hupima vingi zaidi) shehena moja imepata 47, 48 na 49. Ya pili 43, 48 na 53. Vyote vimepita, na wastani ni 48 kotekote. Hata hivyo ya pili yatia shaka: vipimo vikitawanyika hivyo, yumkini mifuko isiyopimwa imo chini ya mpaka. Kwa hiyo mkaguzi hupunguza wastani kwa kadiri ya mtawanyiko, akatazama kama kilichobaki kingali kinafika 42.5. Sampuli zikiwa chache, makato huzidi, na mimi naona ni haki.