Jina Lako Usiliazimishe

Jirani akituomba sufuria, jembe au baiskeli, twampa, naye jioni aturudishia. Ndiyo desturi yetu njema, wala hatutaki iishe. Lakini kuna kitu kingine kinachoazimwa katika nyumba zetu, na hicho hakirudi kama kilivyotoka: kadi ya matibabu, pamoja na jina lililoandikwa juu yake.

Tutoe mfano. Mwalimu mmoja ni mwanachama wa mutuweli ya waalimu, ile iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 2011, na mkewe ameandikwa pamoja naye. Mdogo wa mke augua, hana hata faranga ya kumlipa mganga. Dada amhurumia, ampa kadi na kumwambia: «Wakikuuliza, jibu kwa jina langu.» Mdogo achomwa sindano ya penisilini, apona, na nyumba nzima yafurahi. Lakini katika fishi ya dada imekwisha kuandikwa kwamba penisilini haimdhuru.

Miezi yapita. Sasa dada mwenyewe aletwa hospitalini, homa imempanda, hawezi kusema. Mwili wake haupatani na penisilini kabisa. Muuguzi asoma fishi, aona dawa ile alipewa zamani bila shida, naye atayarisha sindano. Je, tumlaumu muuguzi? Yeye amesoma kilichoandikwa. Waliomdanganya ni wale ndugu wawili, nao walifanya hivyo kwa mapendo.

Kuna na wadanganyifu wasio na mapendo yo yote. Nchini Kenya, mwaka 2023, waandishi wa habari walifunua hila zilizofanywa juu ya NHIF, bima ya matibabu ya taifa iliyoanza mwaka 1966. Wazee wa vijijini waliitwa kupimwa bure. Kumbe kadi zao ndizo zilizotafutwa, ili hospitali zidai fedha kwa majina yao, hata kwa upasuaji wasiouhitaji. Tarehe 1 Oktoba 2024 chombo kipya, SHA, kilichukua mahali pa NHIF. Hata hivyo, mwaka 2025 serikali ilizisimamisha hospitali makumi kwa madai ya uongo. Hila mojawapo ilikuwa hii: mgonjwa ametibiwa na kurudi nyumbani siku ile ile, lakini karatasi yasema amelala wodini. Fedha hizo si za serikali tu. Ni akiba ya kila mwanachama. Mfuko ukikauka, mama anayejifungua usiku ndiye atakayeambiwa: «Lipa kwanza.»

Hata dawa huvikwa jina lisilo lake. Katika Ituri, hapa Kongo, tangu mwisho wa mwaka 2014 hata mwaka 2015, mamia ya watu, wengi wao watoto, walikakamaa shingo, uso na ulimi. Kwanza ilidhaniwa ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Vidonge vilipochunguzwa, ilionekana kwamba chupa zilizoandikwa «diazepam» zilikuwa na haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. Jina la uongo lililobandikwa chupani laweza kumwumiza mtoto aliyeko mbali sana na mdanganyifu.

Basi tufanye nini? Kwanza, kadi ikae mahali pamoja na vyeti vya nyumba. Ikipotea, mtoe habari siku ile ile. Pili, msitie sahihi wala dole gumba juu ya karatasi tupu, au karatasi msiyosomewa. Tatu, akija mtu asiyejulikana na kusema atawapima bure, naye ataka kadi kabla ya kuuliza maumivu, mwulizeni ametumwa na nani, kisha mkahakikishe katika kituo cha afya. Nne, kila mmoja awe na daftari lake: magonjwa aliyougua, dawa zilizomdhuru, tarehe alizotibiwa. Tano, dawa inunuliwe katika duka linalojulikana, wala si katika beseni la sokoni.

Twasikia wengine wa Mitwaba wakiuliza: «Je, tumwache ndugu afe kwa sababu hana kadi?» Hasha! Mchangieni fedha, mwombeni msimamizi wa hospitali akubali kulipwa kidogo kidogo, na ndugu akipona mwandikisheni kwa jina lake mwenyewe. Na kama jina limekwisha kuazimwa, msione haya. Nendeni wote wawili kwa muuguzi, mkamwambie kweli ili fishi isahihishwe. Aibu ya siku moja ni nyepesi kuliko matanga.

Nanyi wanafunzi, mmejifunza kusoma. Nyanya akirudi kutoka hospitalini, mwombeni karatasi yake, mkamsomee neno kwa neno. Mkikuta ugonjwa asiougua au siku asiyokwenda, mwambieni baba mara moja.