Haki ya Uwanjani na Adabu ya Mashabiki



Yako mambo ambayo gazeti dogo la chama hulazimika kuyanena ingawa hayamo katika madhumuni ya chama. Sisi tulijiunga ili tutetee mishahara, nyumba, likizo na elimu ya watoto wetu. Hatukujiunga kwa ajili ya mpira. Walakini mpira umeingia ofisini mwetu bila kupiga hodi, umekaa juu ya meza zetu, na sasa umeanza kutugombanisha. Jambo ligombanishalo wanachama limekwisha kuwa jambo la chama, na kwa sababu hiyo twaomba ruhusa ya kulisema wazi.

Katika tawi letu moja wako makarani wawili waliokaa chumba kimoja miaka mingi. Mmoja ni mtu wa Msimbazi, wa pili ni mtu wa Jangwani. Baada ya tarehe 8 Machi 2025 waliacha kusalimiana. Jalada lililotaka sahihi zao wote wawili likakaa juma zima likisubiri mmoja wao anyanyue kalamu kwanza. Kisha yule mmoja akafiwa na mkwewe. Mwenziwe alitoa mchango wake wa msiba, lakini aliupeleka kwa mkono wa tarishi, matangani hakwenda. Tulipoyasikia hayo hatukucheka. Chama chetu cha kale cha watumishi wa serikali, kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922 kikiongozwa na Martin Kayamba, kiliwakalisha pamoja Wakristo na Waislamu, watu wa makabila mbalimbali, katika chumba kimoja. Yatakuwa maajabu ikiwa kile ambacho dini na kabila havikuweza kukivunja kitavunjwa na rangi ya fulana.

Basi na tulitazame jambo lenyewe kwa utulivu.

Walio mbali na Dar es Salaam huenda wamekwisha kusahau yalivyokwenda. Mchezo wa Yanga na Simba ulipangwa siku hiyo ya 8 Machi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, ambao ulifunguliwa mwaka 2007 nao hukalisha watu 60,000. Yanga walikuwa wenyeji. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walikwenda uwanjani kufanya mazoezi, maana kanuni za ligi zampa mgeni nafasi ya kuuzoea uwanja japo mara moja, saa ileile ya mchezo. Walisema kwamba walizuiwa langoni na walinzi wa wenyeji wao, wakatangaza ya kuwa hawatacheza. Siku ya pili yake, watu wa mikoani wakiwa wamekwisha kufika kwa mabasi, Bodi ya Ligi ikauahirisha mchezo. Yanga walikwenda uwanjani vivyo hivyo, wakashikilia kwamba aliyekataa kucheza ahesabiwe ameshindwa. Wakalipeleka shauri lao hata Lausanne, Uswisi, penye baraza la usuluhishi wa michezo, nako wakaambiwa wazimalize kwanza njia za rufani za nyumbani. Mwisho mchezo ulichezwa tarehe 25 Juni 2025. Yanga wakashinda mabao 2 kwa 0, wakatwaa ubingwa.

Tangu hapo mashabiki hawajaacha kubishana. Wa Simba wasema: kanuni ya mazoezi imeandikwa, nayo ilivunjwa, basi aliyeivunja ndiye mkosa. Wa Yanga wasema: kanuni ya kufika uwanjani nayo imeandikwa, na asiyefika amepoteza alama zake, tena wageni hawakutoa taarifa kwa wahusika kabla ya kwenda. Tumewasikiliza wote, nasi twaona kila upande umeshika neno moja la haki. Kosa lao ni kwamba kila upande umeshika lile neno moja, ukalifunga macho la pili. Kila mtu aisoma ile kanuni impayo alama. Ile impasayo wajibu huifunika kwa kiganja. Wazee walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sisi makarani tumelelewa katika kanuni, nasi hatuna udhuru wa kutokujua zinavyofanya kazi. Karani aliyenyimwa likizo yake hafungi ofisi na kuondoka na ufunguo. Huandika barua, akaipitisha kwa mkuu wa idara yake, akaendelea na kazi huku ameweka nakala ya malalamiko yake mahali salama. Vivyo hivyo timu iliyoonewa langoni yapasa iandike malalamiko yake usiku uleule, iyakabidhi kwa msimamizi wa mchezo, kisha icheze, na haki yake idaiwe mezani. Kadhalika mwenyeji hana ruhusa ya kuweka watu wake kwenye mlango usio wake. Uwanja ule ni mali ya serikali, yaani mali ya watu wote. Wala kupangiwa kuwa mwenyeji kwa siku moja hakumfanyi mtu kuwa mwenye nyumba. Kama lango lilifungwa kama ilivyodaiwa, basi lilifungwa na mtu asiye na mamlaka ya kulifunga.

Lakini tusiwalaumu mashabiki na vilabu peke yao. Tangu 8 Machi hata 25 Juni ni miezi mitatu na zaidi. Katika muda huo mtu wa kawaida hakupata maelezo ya kumtosha: nani alikosa, kwa kifungu gani, na adhabu yake ni nini. Sisi twajua hali ya jalada lisilojibiwa. Mahali pasipo na jibu la maandishi, uvumi ndio hushika kalamu. Kila kijiwe cha kahawa kikawa mahakama, na kila mahakama ikatoa hukumu iliyokuwa tayari kabla ya mashahidi kusikilizwa. Hata siku mchezo ulipochezwa, refa alitoka Misri. Hatuna neno baya juu ya mgeni huyo, wala hatusemi kwamba ni kosa kumwalika. Twasema tu kwamba watu wanaomtafuta mwamuzi ng'ambo ya mipaka yao wamekiri jambo zito: ya kuwa hawaaminiani tena. Na imani hiyo hairudishwi na refa awaye yote. Hurudishwa na hukumu zitolewazo upesi, zenye sababu zilizoandikwa, zilizo sawasawa kwa mkubwa na kwa mdogo. Timu za Mbeya, Kagera na Singida nazo huitazama ligi hiyohiyo, nazo hujiuliza kama mchezo wao ungesubiriwa hivyo.

Twaja sasa kwa adabu ya mashabiki wenyewe. Tarehe 15 Desemba 2024 Simba walicheza na CS Sfaxien ya Tunisia katika uwanja huohuo, wakashinda mabao 2 kwa 1, bao la pili likipatikana katika dakika za nyongeza. Ilipasa iwe siku ya furaha tupu. Badala yake zikazuka vurugu, na viti zaidi ya 200 viking'olewa. Shirikisho la mpira la Afrika likaadhibu: tarehe 19 Januari 2025 Simba walicheza na CS Constantine ya Algeria bila mashabiki. Walishinda mabao 2 kwa 0, lakini mabao yenyewe yalishangiliwa na viti vitupu.

Hapa wako wasemao kwamba adhabu ya namna hiyo ni dhuluma, kwa kuwa yule aliyekaa kwa adabu na mtoto wake amefungiwa mlango pamoja na mhuni. Maneno yao yana uzito. Mama lishe wa nje ya uwanja, muuza karanga, kijana wa bodaboda, hao wote hawakung'oa kiti, nao walikosa riziki ya siku ile. Lakini wako na wengine wasemao kwamba klabu ikipata fedha za viingilio kwa wingi wa watu, basi na ichukue pia mzigo wa matendo ya watu hao. Na hilo nalo ni kweli. Sisi twaona kwamba adhabu ya wote hutolewa pale ambapo mkosa mmoja hawezi kutambulikana. Kwa hiyo dawa yake ni kumfanya atambulikane. Kila tikiti na iwe na namba ya kiti na jina la mwenye kukikalia. Atakayeng'oa kiti akilipe mwenyewe, akae nyumbani msimu mzima. Hapo klabu itabaki kulaumiwa kwa uzembe wake tu, na mwenye adabu ataingia uwanjani bila kulipia ujinga wa jirani yake.

Tena tukumbuke ni nani mwenye viti hivyo. Uwanja ni mali ya umma, na katika walipa kodi hakuna aliye wa kwanza kuliko karani, ambaye kodi yake hukatwa kabla hajauona mshahara. Mwanachama wetu anayeshangilia kiti kikiruka hewani anashangilia mfuko wake ukitoboka.

Lakini adabu ya mashabiki haianzii kwenye jukwaa. Samaki huoza kuanzia kichwani. Kiongozi wa klabu akishindwa leo, akatoka hadharani na kusema kwamba refa amenunuliwa, bila ushahidi wala barua ya malalamiko, amewafundisha watu elfu nyingi kwamba kushindwa kwa halali hakuko duniani. Mtu aliyefundishwa hivyo, akiona bao limeingia, hulitafuta jiwe. Kiongozi huyohuyo kesho yake huwahimiza mashabiki wawe watulivu, naye hushangaa kwa nini hawamsikii. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hili lilipasa liandikwe juu ya mlango wa kila ofisi ya klabu.

Na viongozi hao wanatoka wapi? Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Simba ilianzishwa mwaka 1936, ikaitwa Sunderland mpaka mwaka 1971 ilipochukua jina lake la sasa. Vilabu hivi viwili ni vikongwe kuliko uhuru wa nchi yenyewe, navyo vilisimama kwa ada za wanachama, senti kwa senti. Mwaka 2017, Simba walipoanza kugeuza klabu kuwa kampuni, ilikubaliwa kwamba mwekezaji apewe hisa 49 katika 100, na 51 zibaki kwa wanachama. Mwenye hisa 51 si mtazamaji. Ni mwenye nyumba. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliokwenda katika mkutano mkuu wa klabu yao wakiwa wamesoma hesabu za mwaka? Ni wangapi waliouliza walinzi wa langoni wameajiriwa na nani, kwa barua gani, na wanawajibika kwa nani? Twajua majina ya washambuliaji wote na namba za migongoni mwao. Jina la mweka hazina hatulijui. Halafu mambo yakiharibika twauliza uongozi umetoka wapi, hali tuliuacha ujichague wenyewe tukiwa tunabishana barazani.

Basi sisi twapendekeza mambo manne, nayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kila shauri la ligi litolewe hukumu ya maandishi katika siku zilizowekwa, na hukumu hiyo ionyeshe kifungu na sababu, ibandikwe mahali pa watu wote kusoma. Pili, ulinzi wa milango ya uwanja uwe mikononi mwa wenye uwanja na polisi; na mtu wa klabu atakayesimama langoni awe na kitambulisho chenye jina na namba. Tatu, mkosa aadhibiwe kwa jina lake kabla jukwaa zima halijafungwa. Nne, na hili ni letu wenyewe, kila mwanachama wetu aliye pia mwanachama wa klabu alipe ada yake, ahudhurie mkutano mkuu, asome hesabu, aulize. Sisi ndio tujuao kusoma hesabu. Tukinyamaza sisi, nani ataziuliza?

Lakini kabla ya yote hayo, twamwomba kila msomaji ajipime kwa mizani ndogo. Unapotaka kuhukumu jambo la uwanjani, zibadilishe fulana kwanza. Waweke wa Jangwani mahali pa wa Msimbazi, na wa Msimbazi mahali pa wa Jangwani, kila kitu kingine kikae palepale: lango lilelile, usiku uleule, tangazo lilelile. Kisha uitoe hukumu yako tena. Ikiwa haikubadilika, iseme popote utakapo, nasi tutakusikiliza. Ikiwa imebadilika, basi ile ya kwanza ilikuwa mapenzi yamevaa joho la hakimu, na yafaa uyavue joho hilo kabla hujaingia ofisini.

Wale makarani wawili tuliowataja wamepatana. Hawakupatana kwa hukumu ya Bodi wala kwa bao la refa wa Misri. Aliyetuma mchango kwa tarishi alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mwenziwe siku ya arobaini, akaketi mkekani, akasema, "Ndugu yangu, nilichelewa." Wakala pilau pamoja. Asubuhi yake lilikuja jalada jipya, nalo lilitiwa sahihi mbili kabla ya saa nne. Bado hawakubaliani juu ya lile lango, na huenda hawatakubaliana maisha yao yote. Nasi twaona kwamba hivyo ndivyo mpira ulivyopasa kuwa.