Safisha ukurasa kwanza, bango la vidakuzi baadaye

Siku hizi karibu kila mteja anayetaka tovuti ananiambia: "Usisahau lile bango la vidakuzi." Ukimwuliza ni la kazi gani, atakujibu ni la sheria. Ameliona kwenye tovuti za Ulaya, ameliona kwa mshindani wake, basi naye analitaka. Mimi humwuliza swali lingine: ukurasa wako unaongea na nani kabla mgeni hajabonyeza chochote?

Jaribu mwenyewe, ndugu msomaji. Fungua tovuti yoyote ukitumia Chrome au Firefox, bonyeza F12, nenda pale panapoonyesha mawasiliano ya mtandao, kisha pakia ukurasa upya. Usiguse bango. Hesabu seva zinazoitwa. Mara nyingi utakuta fonti kutoka Google, jQuery kutoka CDN fulani, ramani, video, kitufe cha Facebook. Kila seva hapo imeshapata anwani ya IP ya mgeni, aina ya kivinjari chake na, kwa kawaida, jina la tovuti aliyomo. Bango bado linauliza "Unakubali?" Linabisha hodi wakati watu wamekwisha kaa sebuleni na chai wamemiminiwa.

Msimamo wangu ni huu: bango haliwezi kuponya ukurasa mchafu. Ondoa kwanza usichohitaji, kisha omba ruhusa kwa kile kilichobaki.

Tatizo ni kwamba tunatazama kidakuzi peke yake. Kidakuzi kilibuniwa na Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994 ili seva iweze kumkumbuka mgeni. Kile kinachokuwezesha kubaki ndani ya akaunti yako hakina neno. Hata sheria ya Ulaya haidai ruhusa kwa kidakuzi ambacho huduma haiwezi kwenda bila hicho. Lakini data inaweza kutoka bila kidakuzi hata kimoja. Januari 2022 mahakama ya Munich, Ujerumani, iliamuru mwenye tovuti amlipe mgeni euro 100 kwa sababu ukurasa ulivuta fonti kutoka Google na hivyo kupeleka anwani yake ya IP huko bila idhini. Ni fonti tu! Mahakama ilisema fonti hizo zingeweza kuwekwa kwenye seva ya mwenye tovuti mwenyewe.

Utaniambia hiyo ni Ujerumani, sisi tuko Kenya. Haya, tusome ya kwetu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu kitambulisho cha mtandaoni kuwa miongoni mwa vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu. Inataka ukusanye kile tu unachohitaji, na inaweka masharti kabla data haijavuka mpaka. Faini yaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia kwa kampuni, ile iliyo ndogo. Data ya afya imewekwa katika kundi nyeti. Sasa fikiria tovuti ya kliniki yenye ukurasa kuhusu dawa za kupunguza makali ya virusi, na ndani yake kuna skripti ya matangazo. Skripti ikishaingia kwenye ukurasa inaweza kusoma anwani nzima ya ukurasa huo, hata kinachoandikwa kwenye fomu. Mgonjwa wako hakuja kuonana na kampuni ya matangazo. Alikuja kwako.

"Lakini CDN inaongeza kasi!" Hoja hiyo ilikuwa na maana zamani. Tuliambiwa mgeni akishapata jQuery kwenye tovuti moja, kivinjari hakitaipakua tena kwenye nyingine. Mambo yamebadilika. Safari ilianza kutenga akiba ya kila tovuti mwaka 2013, Chrome ikafuata Oktoba 2020, Firefox Januari 2021. Leo faili ile ile itapakuliwa upya, tena baada ya kufungua muunganisho na seva nyingine. Anayelipa ni mgeni wako, kwa bando lake.

Kuna na usalama. Februari 2024 polyfill.io, skripti iliyokuwa ikiitwa na tovuti nyingi, ilihamia mikononi mwa kampuni nyingine. Juni mwaka huo huo ikagunduliwa inamwaga msimbo mbaya katika tovuti zaidi ya 100,000. Wenye tovuti hawakubadilisha hata mstari mmoja. Ukimpa mtu funguo za nyumba, siku akiziuza hatakupigia simu.

Naomba nieleweke: sipingi CDN zote. CDN inayobeba tovuti yako yote ni mbeba mzigo wako. Cloudflare, kwa mfano, ina vituo Nairobi na Mombasa, na hapo mgeni wa Eldoret anafaidika kweli. Hiyo nayo huiona IP ya mgeni, na yaweza kuweka kidakuzi cha kutambua roboti. Lakini umemchagua mwenyewe, mna mkataba, na unaweza kumtaja waziwazi katika maelezo yako ya faragha. Huwezi kusema hivyo kuhusu seva saba zilizoletwa na mandhari ya WordPress ambayo hukuikagua.

Kazi yenyewe si kubwa. Pakua fonti na uziweke kwenye seva yako. Fanya hivyo kwa jQuery na wenzake. Skripti ambayo lazima itoke nje, iwekee sifa ya "integrity" ili kivinjari kiikatae ikibadilishwa. Video, weka picha kwanza, ipakiwe mtu akibonyeza. Kuhesabu wageni, soma kumbukumbu za seva au tumia Matomo kwenye seva yako.

Baada ya hapo, kama bado kuna cha kuombea ruhusa, weka bango la kweli: lisiloruhusu kitu kupita kabla ya jibu, na lenye "Kataa" iliyo rahisi kama "Kubali". Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza kuitoza Google euro milioni 150 na Facebook milioni 60 kwa sababu kukataa kulikuwa kugumu kuliko kukubali.

Huenda ukimaliza kusafisha utakuta hakuna cha kuombea ruhusa. Basi usiweke bango. Mgeni wako asome alichokuja kusoma.