Haki ya Kusimamisha Safari

Katika mambo ya kheri yaliyofanywa na elimu ya juu kwenye mwambao wetu miaka hii ya karibuni, naihesabu kazi ile iliyoanza mwaka 2016, wakati Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia waliposhirikiana kupiga picha za Unguja na Pemba kutoka angani ili kuchora ramani mpya ya visiwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo wakakabidhiwa wanafunzi wa chuo chenyewe. Vijana wale walifundishwa kurusha ndege ndogo zisizo na rubani zenye mabawa, zilizoundwa kwa povu gumu, nyepesi kiasi cha kurushwa kwa mkono wa mtu mmoja na kutua kwa tumbo juu ya majani. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, ndege nyingine za mabawa zikaanza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga nchini Rwanda, na mwaka 2020 huko Lilongwe, Malawi, kikafunguliwa chuo cha kuwafundisha vijana wa Afrika elimu ya droni na takwimu zake. Ni dhahiri basi kwamba kazi hii si mchezo wa watoto wa matajiri, bali ni riziki na heshima kwa kijana atakayeijua vema.

Kwa sababu hiyo hiyo nasema kwamba chuo kinachonunua ndege kabla hakijaamua ni nani mwenye haki ya kuizuia isiruke kimetanguliza mwisho na kuuacha mwanzo. Itikadi yangu ni hii: mpango wa kila safari ya mafunzo uandikwe na wanafunzi wenyewe, mwalimu akiwa muulizaji na si mwandishi, na kila aliye uwanjani, hata mwanafunzi wa mwaka wa 1 aliyekuja kubeba betri, awe na mamlaka kamili ya kuisimamisha safari kwa neno moja, bila ya kudaiwa sababu papo hapo.

Wapo watakaoona kwamba natia uzito mkubwa mno katika chombo kidogo. Nawaomba wazingatie tofauti iliyopo baina ya droni ya mapanga manne, ambayo rubani akiingiwa na shaka huiachia tu ikaelea mahali pamoja mpaka akili zimrudie, na droni ya mabawa, ambayo haijui kusimama. Bawa hunyanyua kwa kuwa hewa hupita juu yake kwa kasi. Kasi ikipungua kupita kiasi, au pua ikiinuliwa mno, hewa huachana na mgongo wa bawa na chombo huanguka ghafula. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa kuruka kwa mabawa aliyoyaunda mwenyewe, alifikwa na msiba wa namna hiyo mwezi wa Agosti 1896, akafariki siku ya pili yake. Povu lile jepesi halitamuua mrushaji aliye chini, lakini likimshukia mtoto usoni kwa kasi ya pikipiki, hakuna mzazi atakayefarijiwa kwa kuambiwa uzito wake.

Tena upo upepo, na hapa ndipo mpango wa maandishi unapodhihirisha thamani yake, maana jicho peke yake halihesabu. Tuseme ndege yetu hukata hewa kwa mita 12 kila sekunde, na siku hiyo kusi inavuma kwa mita 10. Mwanafunzi asiyefanya hisabati ataipeleka ndege kule upepo unakokwenda, nayo itamfurahisha kwa kufika kilomita 2 mbali katika dakika moja na nusu. Lakini ikigeuka kurudi, kasi yake juu ya ardhi itakuwa mita 2 tu kwa sekunde, na kilomita zile zile mbili zitadai karibu dakika 17, ilhali betri imekwisha kupungua na kila kishindo cha upepo kinairudisha nyuma. Mwanafunzi aliyekaa jioni ya jana na karatasi na kalamu atafanya kinyume chake: ataianza safari kwa kuukabili upepo, ili nguvu nyingi zitumike betri ikiwa imejaa na marejeo yawe mepesi, au ataandika kwamba upepo ukivuka kadiri fulani ndege haitoki sandukuni, na kwamba kazi ifanywe asubuhi, umande unapovuma kwa upole kutoka nchi kavu, kabla pepo za bahari hazijapata nguvu za alasiri. Na akiwa amejifunzia Mombasa kisha akahamia Nairobi, penye kimo cha takriban mita 1,700 juu ya bahari, atahesabu pia kwamba hewa ya huko ni nyepesi zaidi, hivyo chombo kile kile kitahitaji mwendo mkubwa zaidi kwa asilimia 8 au 9 ili kijinyanyue, na uwanja mrefu zaidi wa kutulia.

Mambo mengine ya mpango nayapitia upesi: kimo cha marejeo, pindi mawasiliano yakikatika, kiwe juu ya minazi na minara ya simu iliyo jirani, pahali pa kuzungukia pasiwe juu ya vichwa vya watu, betri za lithiamu zisiachwe juani wala kwenye gari lililofungwa, sheha na watu wa mtaa wapewe habari mapema. Hili la mwisho lina uzito wa peke yake kwetu, kwa sababu kamera inayopita juu ya nyumba huona ua, na ua ndiyo stara ya nyumba, mahali wanawake wanapopika na kupumzika wakijua kwamba hakuna mgeni anayewatazama. Timu inayopiga picha za paa bila ya kubisha hodi kwa watu imevunja adabu hata kama haikuvunja sheria.

Sasa nirudi kwenye haki ya kusimamisha, kwa kuwa mpango ulioandikwa vizuri huweza kusomwa na kila mtu na bado ukavunjwa mbele ya macho ya wote. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa za abiria, moja ya KLM na nyingine ya Pan American, zilikuwa katika barabara moja ya kurukia, ukungu umetanda. Nahodha wa KLM alikuwa miongoni mwa walimu wakubwa wa marubani wa shirika lake, mtu wa hadhi na uzoefu usiotiliwa shaka. Alipokwisha kuanza kukimbiza ndege yake, fundi wa safari aliyeketi nyuma yake aliuliza kama ile ndege ya Kimarekani haijatoka barabarani bado. Nahodha alijibu kwa yakini kwamba imetoka, na fundi akanyamaza. Muda mfupi baadaye ndege zile ziligongana, zikafa roho 583. Ukungu ulikuwapo, na mawasiliano ya redio yalikuwa na kasoro zake. Walakini mtu mmoja ndani ya chumba cha marubani alikuwa na shaka ya kweli mdomoni mwake, na shaka hiyo ilishindwa na cheo. Tangu msiba huo mashirika ya ndege ulimwenguni yamekuwa yakiwafundisha wadogo kusema na wakubwa kusikiliza, kama sehemu ya ufundi wenyewe wa kuruka.

Sisi tumelelewa kwamba mdogo hamkatizi mkubwa kauli, na malezi hayo ni mema, siyatupi. Lakini mwanafunzi wa miaka 19 anayeona kwamba kibawa cha nyuma kinakwenda chini pale kilipotakiwa kwenda juu, naye amesimama kando ya profesa wake na mgeni aliyetoa fedha za kununulia ndege, atajiuliza mara tatu kabla ya kufungua kinywa, na mkono wa mrushaji hautamngojea. Adabu yetu haiwezi kuondolewa kwa amri, wala sitaki iondolewe. Inaweza kuwekewa kanuni itakayokubaliwa mapema na wote, hata kunyamaza ndiko kuwe utovu wa adabu.

Kanuni hiyo naiona hivi. Kabla ya kuondoka chuoni, mpango husomwa kwa sauti na aliye mdogo kuliko wote. Uwanjani, orodha ya ukaguzi inaposomwa, kila mmoja huulizwa kwa jina lake kama yu tayari, na asiyejibu huhesabiwa kuwa amekataa. Orodha hizo zenyewe zina asili yake: mwezi wa Oktoba 1935 ndege mpya ya Boeing ilianguka huko Ohio mikononi mwa rubani hodari wa majaribio, kwa kuwa kufuli la vibawa vya mkiani halikufunguliwa, na baada ya hasara hiyo marubani wakaanza kusoma hatua zao kutoka kwenye karatasi badala ya kuzitegemea kumbukumbu zao. Neno lenyewe la kusimamisha liwe "Simama". Likitamkwa kabla ya kurusha, ndege haiachi mkono. Likitamkwa ndege ikiwa juu, lazima liwe na maana iliyokubaliwa, madhali droni ya mabawa haisimami angani: rubani aache kazi aliyokuwa akiifanya, apande mpaka kimo cha usalama kilichoandikwa, azunguke pale palipochaguliwa, ndipo watu waulizane. Na watakaporudi chini, aliyesimamisha azungumze wa kwanza. Ikidhihiri kwamba shaka yake haikuwa na msingi, ashukuriwe mbele ya wenzake kwa sauti ile ile ambayo angeshukuriwa kama angekuwa ameokoa chombo.

Fauka ya hayo, walimu wabadili namna ya kutoa alama. Maadamu tunawasifu vijana kwa wingi wa hekta walizopiga picha, tunawafundisha kwamba safari iliyoahirishwa ni aibu. Timu iliyofika uwanjani, ikapima upepo, ikaona umevuka mpaka iliojiwekea, ikarudisha ndege sandukuni, imefaulu mtihani mgumu kuliko wote, na yafaa ipewe alama zake kamili.

Hapa nawageukia pia wenye mamlaka ya anga. Sheria zao, zikiwemo kanuni za Kenya za mwaka 2020, hazina budi kuheshimiwa, na chuo kisicho na idhini kisirushe kitu. Hata hivyo timu iliyongojea kibali muda mrefu, ikapewa siku moja tu, ikalipa nauli za wanafunzi na posho ya dereva, itapata taabu kubwa kutamka neno lile la kusimamisha, hata upepo ukiwa mkali na dalili zote mbaya. Malawi ilitenga mwaka 2017 anga ya majaribio huko Kasungu, yenye upana wa kilomita 80 na kimo kisichozidi mita 400, ambamo droni ziliweza kurushwa kwa utaratibu unaojulikana. Sisi hatuhitaji anga kubwa kiasi hicho kwa mafunzo ya vijana. Uwanja mmoja kwa kila mkoa wenye chuo ungetosha, mbali na viwanja vya ndege, wenye mipaka iliyochorwa na majirani waliokwisha kupewa habari, na kibali cha muhula mzima badala ya siku moja, ili timu inayoahirisha safari Jumatatu iwe na hakika kwamba Jumanne uwanja bado ni wake.