Kigari chenye Mbio: Kwanza Breki

Kijana anayetafuta gari dogo lililokwisha tumika, ili baadaye aliongezee nguvu, kwa kawaida huulizia injini tu. Yafaa ainame pia atazame uvunguni.

Suzuki Swift Sport za kati ya 2005 na 2010 zina injini ya lita 1.6 isiyo na turbo, yenye nguvu za farasi 125 hivi. Volkswagen Golf GTI ya 2005 ina turbo na nguvu 200, na fundi huziongeza bila taabu. Hapo ndipo wengi hunaswa. Kijikombe cha chuma kilicho kati ya kemshafti na pampu ya petroli huliwa polepole. Kikitoboka, kemshafti nayo huharibika. Mzigo huo hauonekani siku ya kununua.

Asiye na akiba na achukue Swift, tena ambayo haijachezewa. Iliyokatwa springi, mara nyingi imekwisha kimbizwa mno. Fedha za kwanza ziende kwenye breki na matairi, maana gari hilo hilo ndilo litakalompeleka mama kliniki.