Kilimanjaro Haionekani Kutoka Songea

Ukutani mwa nyumba nyingi za wageni hapa Songea kuna picha moja: Kilimanjaro, mgunga, twiga wawili, jua jekundu. Dirisha la chumba hichohicho linatazama Matogoro, milima unakoanzia Mto Ruvuma, na mwenye nyumba ameliziba kwa pazia zito.

Imani inayolisha picha hiyo naijua. Mimi ni mchoraji wa mandhari, na watu huniuliza bila haya: "Huku utachora nini? Si uende Arusha?" Maana yake ni kwamba mandhari ya Tanzania iko Kaskazini, na ili iwe mandhari ya kweli sharti iwe pori, tena pori tupu. Nakataa yote mawili.

Tuanze na Kaskazini kwenyewe. Mchoraji Sam Ntiro alizaliwa Machame, mteremkoni mwa Kilimanjaro, mwaka 1923, akasoma Makerere na chuo cha sanaa cha Slade, London, na baada ya Uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Angetaka, angechora theluji hadi uzeeni. Alichora migomba, watu wakifanya kazi, wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo ya mwaka 1956 iko katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Mlima wa Ntiro una wenyewe, na wenyewe wana shughuli zao.

Huo utupu ulitengenezwa. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani yake wakahamishiwa Ngorongoro. Mwaka huohuo filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti ilitoka, ikapata Oscar, na dunia ikajifunza kuipenda nyika isiyo na wenyeji. Siku hizi wachoraji tunamrudisha Mmasai mmojammoja, amesimama kwa mguu mmoja kama nguzo ya simu.

Na Kusini kusikokuwa na cha kuchora ndiko alikotoka Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru, mkoa huuhuu wa Ruvuma, mwaka 1932. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Sidhani kama mtoto wa Tunduru alihitaji kupelekwa Serengeti ili amjue chui. Leo mtindo wenye jina lake unauza Kilimanjaro kwa dazeni.

Mtasema soko ndilo linalotaka. Soko la nani? Kwenye vitanda vya Songea analala mfanyabiashara wa mahindi kutoka Makambako, na mwalimu aliyekuja kufuatilia uhamisho wake. Hao hawakuiagiza theluji.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye macho yetu wenyewe. Miezi ya Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, miyombo huchipua majani mekundu, ya shaba, ya damu ya mzee, ndipo baadaye yageuke kijani. Moshi wa mashamba yanayochomwa hutanda mabondeni na kuipausha milima ya mbali. Sijaona rangi ngumu kuchanganya kama hizo. Nilipoichora hali hiyo, mteja mmoja aliniambia miti myekundu ni ya Ulaya. Mtu mzima, mzaliwa wa Namtumbo! Amepita chini ya miti hiyo maisha yake yote, ila kalenda ya ukutani ndiyo anayoiamini.

Pori letu nalo si tupu. Mnamo tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni hapa mjini, na katika Vita vya Majimaji majeshi yao yaliteketeza mashamba na akiba za chakula. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi, na pengi palipokuwa na vijiji pakaota msitu. Anayesimama huko leo akasifu "pori lisiloguswa" huenda anasifu mahame. Nenda pia Mbinga uone ngoro za Wamatengo, mashimo yaliyopangwa safu kwa safu mteremko mzima kuzuia udongo usisombwe. Mchoraji gani angebuni umbo lile peke yake?

Tembo tunao pia. Hupita Namtumbo na Tunduru, kati ya hifadhi ya Selous na ile ya Niassa ya Msumbiji, na njiani hula mahindi ya watu. Ndicho nilichochora safari hii: tembo, shamba, na mtu anayekesha akipiga debe. Aliyetaka kuinunua picha hiyo aliomba nimfute huyo wa debe. Nikamjibu kwamba kumfuta tembo ni rahisi zaidi.